Arlecchino wa Kioo au Kinyago cha Mpingo: Pambo Gani kwa Kabati la Rumonge?

Anayetaka kumweka Arlecchino wa kristali sebuleni kwake Rumonge, kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, ajue kwanza kwamba dukani hayupo, na hata kiwandani hatengenezwi tena. Swarovski, kampuni aliyoianzisha Daniel Swarovski mwaka 1895 katika mji mdogo wa Wattens nchini Austria, ilitoa wachekeshaji watatu wa tamthilia ya kale ya Kiitalia kwa miaka mitatu mfululizo: Pierrot mwaka 1999, Columbine, yaani Colombina, mwaka 2000, na Harlequin, ambaye Waitalia humwita Arlecchino, mwaka 2001. Mfululizo huo uliitwa Masquerade. Kila sanamu iliuzwa ndani ya mwaka wake tu, tena kwa wanachama wa klabu ya wakusanyaji wa kampuni hiyo. Mwaka ulipokwisha, milango ikafungwa. Kwa hiyo leo anayekuuzia anakuuzia mali iliyokwisha kukaa kwenye kabati la mtu mwingine, Brussels au Toronto au Dubai, hata kama boksi lake linang'aa.

Watu hawa watatu ni nani? Tamthilia yao, commedia dell'arte, ilishamiri Italia katika karne ya 16. Mkataba wa zamani zaidi unaojulikana wa kundi la waigizaji wa kulipwa uliandikwa mjini Padova tarehe 25 Februari 1545. Waigizaji walivaa vinyago vya ngozi na hawakukariri maneno. Walikuwa na kisa tu, pamoja na wahusika ambao kila mtazamaji aliwafahamu: mzee bahili, daktari mjuaji, askari wa majigambo, na watumishi wenye njaa. Arlecchino ni mtumishi wa kutoka Bergamo, nguo zake viraka vitupu na tumbo lake halishibi. Colombina ni mjakazi anayewazidi wote akili. Pierrot, aliyepata sura yake kwenye majukwaa ya Paris, huvaa nguo nyeupe na kumpenda Colombina, ambaye macho yake yako kwa Arlecchino. Aliyelelewa kwa visa vya Abunuwasi hahitaji kuelezwa zaidi. Arlecchino ni yule yule mnyonge anayemshinda tajiri kwa ulimi. Kuna kichekesho ndani ya kichekesho, kwamba mtumishi aliyekesha akiota chakula ameishia kuwa pambo la watu walioshiba.

Sasa tufanye hesabu, maana mapenzi ya sanamu hayalipi ushuru.

Wengi waliowanunua watatu hawa mwaka 1999 hadi 2001 waliamini wanaweka akiba. Walisoma neno "toleo la mwaka" wakaelewa "chache". Lakini toleo la mwaka lina ukomo wa muda, halina ukomo wa idadi. Klabu ilikuwa na wanachama laki kadhaa duniani kote, na kila mmoja alikuwa na haki ya kununua. Linganisha na Tai wa mwaka 1995 wa kampuni hiyo hiyo: walitengenezwa 10,000, kila mmoja na namba yake, basi. Tai anatafutwa hadi leo. Arlecchino anapatikana wiki yoyote kwa mwenye kutafuta, kwa sababu walionunua wakati ule sasa ni wazee, watoto wao hawana nafasi ya kabati, na mali inarudi sokoni kwa mkupuo. Ndiyo maana sanamu za klabu za miaka ile huuzwa mara nyingi chini ya bei zilizolipwa mwanzoni. Atakayekuambia "hii inapanda kila mwaka" mwambie anunue yeye.

Tuseme ndugu yako aliyeko Ubelgiji amempata Arlecchino mwenye boksi na cheti kwa dola 150. Hiyo ni namba ya kufanyia hesabu, isichukuliwe kuwa bei elekezi. Posta yenye bima, na kioo hakitumwi bila bima, tuiweke dola 50. Mzigo unafika Bujumbura ukiwa na thamani ya dola 200. Burundi imo katika umoja wa forodha wa Afrika Mashariki tangu 2009, na kiwango kilichozoeleka kwa bidhaa iliyokamilika kutoka nje ya jumuiya ni asilimia 25: dola 50. Juu ya jumla hiyo Ofisi ya Mapato, OBR, inatoza kodi ya ongezeko la thamani, TVA, ya asilimia 18: dola 45. Sasa uko kwenye dola 295, na ada ndogondogo za kutoa mzigo hazijaguswa, wala nauli ya karibu kilomita 75 za barabara ya ziwani hadi Rumonge. Pambo la 150 limekaribia maradufu kabla hujafungua boksi.

Kisha kuna swali la dola yenyewe. Tangu Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipoishusha faranga Mei 2023, bei rasmi imekuwa ikisogelea faranga 3,000 kwa dola, huku bei ya mtaani ikipanda hadi zaidi ya maradufu ya hiyo. Kwa bei ya benki, Arlecchino wetu ni kama faranga 885,000. Kwa dola ya mtaani anavuka milioni moja na laki saba. Mwenye mshahara wa faranga na asiye na ndugu wa kumlipia huko nje ndiye anayeumia zaidi, maana dola ya benki haimfikii kwa urahisi. Mwenye ndugu aliye tayari kulipa kwa euro zake na kumbeba mtumishi huyu kwenye mzigo wa mkononi, kwa ndege ya Brussels Airlines au ya Ethiopia, anaokoa posta yote. Forodha ni suala jingine: akiulizwa aseme kweli, na risiti iwe mfukoni, kwani bila risiti ofisa hukadiria thamani mwenyewe na makadirio hayo hayamtetei msafiri.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: siku nikitaka kumuuza, nitamuuza kwa nani? Mwambao wote, kutoka Kabezi mpaka Nyanza-Lac, hauna mnunuzi wa Swarovski ya mtumba. Bei ya kitu cha kukusanya hukaa kwa wakusanyaji, kwenye klabu zao, na ukikiondoa katikati yao unaiacha bei kulekule. Hili si jambo geni ziwani hapa. Kioo cha Kiitalia kilishafika Tanganyika zaidi ya miaka 150 iliyopita, tena kama fedha. Shanga za Venisi zilipakuliwa Unguja, zikabebwa na wapagazi hadi Ujiji, na kutoka hapo mitumbwi ikazisambaza pwani zote za ziwa. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliwakuta sokoni watu wenye mifuko ya shanga ziitwazo sofi, zinazofanana na vipande vya shina la kiko lililovunjika. Soko likifunguka walizigawa kwa wanunuzi kwa kubadilishana na shanga nyingine. Likifungwa walizipokea tena kwa wauzaji, wakipata faida mara mbili. Ndiyo kazi ya wabadilisha fedha wa leo.

Msafiri Henry Morton Stanley naye, alipokuwa akijiandaa Unguja mwaka 1871, aliumiza kichwa kuhusu rangi za shanga. Nyekundu iliyogombaniwa nchi moja ilikataliwa nchi ya pili, na mfanyabiashara aliyekosea rangi alibeba mzigo wa kioo usionunua hata ndizi. Babu zetu wa mwambao huu hawakudanganywa na mng'aro, kama tunavyopenda kuelezwa. Walikuwa wateja wakali. Waliuliza kitu kimoja tu: huko ninakokwenda, hii inakubalika? Arlecchino wa Wattens ni sofi iliyovuka mpaka wa soko lake.

Hayo yote hayamzuii mtu kumpenda. Kristali iliyokatwa vizuri inafanya kitu ambacho mti na udongo haviwezi kufanya; saa kumi jioni, jua linaposhuka upande wa milima ya Kongo na kuingia dirishani, ukuta wa nyuma unajaa upinde wa mvua. Anayenunua kwa ajili ya hilo ananunua kwa haki. Ila ahesabu fedha hiyo kuwa imetumika, kama nauli.

Akishaamua hivyo, achague vizuri. Sanamu za miaka ile zina alama ya bata maji wa Swarovski iliyochorwa kwenye kioo, na matoleo ya klabu huwa pia na herufi za msanii pamoja na mwaka. Boksi, cheti na kibao cha jina vina bei yake. Sanamu tupu bila vitu hivyo ipunguzwe sana. Omba picha za ncha zote: vidole, kofia, kona za kitako. Ncha iliyomeguka haitengenezeki, na muuzaji mjanja atakupiga picha ya upande mzima. Uliza pia kuhusu gundi. Sanamu hizi ni vipande vingi vilivyogandishwa, na gundi ya zamani iliyokaa juani inaweza kugeuka manjano. Kristali ya zamani ya Swarovski ina madini ya risasi. Kuanzia mwaka 2012 kampuni ilihamia kwenye kioo kisicho na risasi, lakini watatu wetu ni wa kabla ya hapo. Nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni imweke Arlecchino rafu ya juu, au imwache Ubelgiji.

Mmoja au watatu? Maoni yangu ni kwamba Pierrot peke yake ni mtu mwenye huzuni asiyejulikana analia nini. Kisa kinahitaji Colombina, na Colombina anahitaji Arlecchino. Watatu wakiwa pamoja wanaeleweka, na hata siku ya kuwauza seti kamili humvutia mnunuzi kirahisi zaidi. Lakini watatu ni gharama mara tatu, na hapo ndipo namshauri msomaji aketi kwanza. Kwa anayetaka tu kitu cha klabu hiyo chenye harufu ya nyumbani, kampuni iliwahi kutoa mfululizo wa Afrika: tembo mwaka 1993, tandala mwaka 1994, simba mwaka 1995. Hesabu ya ushuru ni ile ile, na kasoro ya idadi ni ile ile. Mimi sioni sababu ya kumwagiza tandala kutoka milima ya Tyrol, ila kila mtu na kabati lake.

Kisha kuna Waitalia wenyewe. Mafundi wa vioo wa Venisi walihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291, serikali ikiogopa tanuri zao zisiuchome mji, na mpaka leo mafundi wa kisiwa hicho hutengeneza Arlecchino wa kioo cha rangi, mwenye viraka vinavyoonekana kweli. Kwa macho yangu huyu ana uhai kuliko wa Austria, kwa sababu rangi imo ndani ya kioo na mkono wa fundi unaonekana. Tatizo ni bandia. Jimbo la Veneto lilianzisha alama rasmi ya Vetro Artistico Murano mwaka 1994 kwa sababu vioo vya mbali vilikuwa vikiuzwa kwa jina la kisiwa, na kwenye mnada wa mtandaoni mchekeshaji wa rangi asiye na alama wala karatasi anaweza kuwa ametoka popote.

Na huko "popote" ndiko kwenye chaguo linalopatikana kweli mwambaoni: kioo cha Kichina. Kinashuka Dar es Salaam, kinapita Kariakoo, kinafika Kigoma, na kutoka hapo kinapanda kwa Manyovu na Mugina kuingia Mabanda, Nyanza-Lac na Rumonge, kikiwa kimefungwa pamoja na saa za ukutani na maua ya plastiki. Ni bata maji, tembo, waridi, Kaaba, msalaba. Mchekeshaji wa Bergamo hutamwona. Kikiwa kioo safi cha aina wanayoiita K9, kinang'aa vya kutosha kumridhisha mgeni. Kikiwa cha kumiminwa kwenye kalibu, utakijua: shika kwenye mwanga uone viputo, pitisha kidole uone mshono na kona butu zisizokatwa. Mwenye duka akikuambia "ni kristali ya Ulaya", tabasamu, kisha mlipe bei ya kioo. Hiki hakina deni la akiba wala hadithi ya klabu. Kikivunjika, unakwenda kununua kingine. Kwa nyumba yenye watoto wanaocheza mpira sebuleni, nakipendekeza bila aibu.

Lakini kama kinachotafutwa ni kile kilichomo ndani ya Arlecchino, yaani kinyago, kejeli, mwili uliopindwa kwa kicheko, basi soko lake lililo karibu liko Mwenge, Dar es Salaam. Wamakonde wana mchezo wao wa vinyago, mapiko, uliofungamana na jando. Mchezaji huvaa kichwa cha mti na kuiga mgeni, mlevi, bwana mkubwa, mzungu mwenye pua ndefu, na kijiji kizima kinajua anasemwa nani. Huo ndio ukoo wa Arlecchino, bila Padova. Kutoka kwa wachongaji hao hao, mnamo miaka ya 1950, Samaki Likankoa alianza kuchonga viumbe ambao wafanyabiashara na wateja waliwaita shetani: jicho moja, mdomo hadi sikioni, mkono unaotoka mgongoni, mtu nusu mnyama nusu aibu. Mtindo huo ukaenea na kuwalisha wachongaji wengi. Weka shetani mzuri wa Kimakonde pembeni mwa Harlequin wa Wattens na utaona nani anachekesha na nani amepigwa pasi.

Bei yake haina orodha. Inategemea saa za kazi, ukubwa na ukali wa njaa ya siku hiyo, nawe unapatana. Kilicho muhimu ni mti. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake kinazama majini. Ukipewa kinyago cheusi chepesi, kimepakwa rangi ya viatu. Lowesha kona ya leso na usugue chini ya kitako. Ukiona weusi kwenye leso, rudisha. Kwaruza kidogo mahali pasipoonekana; mpingo ni mweusi au kahawia iliyokolea hadi ndani, na mara nyingi wachongaji huacha ukanda mweupe wa nje ya mti ili mnunuzi aone mwenyewe. Tazama nyufa. Mti ambao haujakauka sawasawa hupasuka baada ya miezi, na huna wa kumrudishia, mchongaji akiwa Dar na wewe uko Rumonge.

Upande wa forodha hapa mambo yanageuka. Kinyago kilichochongwa Tanzania ni bidhaa ya Jumuiya. Kikiwa na cheti cha asili hakilipi ule ushuru wa asilimia 25, na kwa mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 kuna utaratibu mwepesi wa cheti mpakani, uliowekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Mama anayesafiri kufuata vitenge Kigoma anaweza kuleta vinyago vinne pamoja na mzigo wake. Mawe laini ya Kisii, yanayochongwa Tabaka nchini Kenya, yana haki hiyo hiyo, ila ni mazito kwa nauli na hukatika shingoni. Sijapata kuona twiga wa Tabaka aliyesafiri mbali akafika na pembe zote.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi na Baraka, ni kwa Wabembe, watu wenye uchongaji ulioingia kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya, pamoja na kinyago chao cha alunga chenye nyuso mbili. Hapo nasema kidogo tu. Ukiletewa kwa boti kitu cha "zamani sana, cha babu", ama ni kipya kilichofukiwa ardhini miezi miwili ili kizeeke, ama ni cha zamani kweli na kimetoka mahali ambapo mwenyewe hakukubali. Vyote viwili viache. Na pembe za ndovu zisizungumzwe hata kwa mzaha: biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na nchi hii, isiyo na makundi yake ya tembo, ilishabeba aibu ya kupitisha shehena kubwa za pembe za wengine katika miaka ya 1980.

Vya nyumbani ni vya bei ya chini kuliko vyote, na vinadharauliwa kwa sababu hiyo. Vyungu na sanamu za udongo za Batwa, ufundi uliopigwa na plastiki ukaanguka. Vikapu vya kusuka vyenye kifuniko cha kuchongoka. Wachezaji waliotengenezwa kwa magome makavu ya mgomba. Ngoma ndogo za mapambo, mfano wa zile kubwa zinazochongwa kwenye mti wa umuvugangoma, ambazo mchezo wake uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Ngoma ndogo ina sifa ambayo Arlecchino hana hapa: kila anayeingia ndani anaijua, ana la kusema juu yake, na watoto wanaweza kuigonga bila nyumba nzima kushika roho.

Mazingira ya Rumonge yenyewe nayo yana kura. Vumbi la barabara na moshi wa mawese hukaa kwenye kila kitu. Kristali hutaka kitambaa laini kisichoacha nyuzi na vidole visivyo na mafuta. Mpingo hutosheka na kitambaa kikavu. Kikapu hubeba vumbi hadi mwisho wa maisha yake. Jua kali likipita kwenye kioo kinene linaweza kukusanyika mahali pamoja na kuchoma pazia, kwa hiyo kristali isikae dirishani, hata kama ndiko inakopendeza. Ziwa nalo limekuwa likipanda, na mwaka 2024 maji yaliingia nyumba nyingi za ufukweni. Waliopitia hayo wanajua kinachobaki: kioo kinaoshwa, mpingo unafutwa, udongo uliochomwa vizuri unakaushwa, ila kikapu na mgomba vimekwenda.

Ardhi pia hutikisika. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, la ukubwa wa 6.8, lilianzia ziwani karibu na Kalemie. Pambo la kioo kwenye rafu ya juu linahitaji punje ya nta ya nyuki chini ya kitako. Gharama yake ni ndogo mno, na inamshika Arlecchino kuliko cheti chake.

Wakati wa kununua vya sokoni pia una hesabu. Wavuvi wa ndagala hufanya kazi kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, hivyo mitumbwi hupumzika na fedha hupungua mjini. Mwenye duka la mapambo ambaye wiki iliyotangulia hakutaka kuongea, siku hizo anaongea.

Ningekuwa na fedha ya kumleta Arlecchino mmoja, dola zile 295 zote, nisingemleta. Ningetuma sehemu yake Mwenge na kumwagizia mchongaji Abunuwasi: kimo cha shubiri mbili, mpingo mtupu, amebeba punda badala ya punda kumbeba. Nusu ya malipo mwanzoni, nusu baada ya picha za pande zote nne, na mti uwe umekauka kwa makubaliano ya maandishi. Sehemu ingetosha ngoma na vyungu, na pengine ingebaki ya ndagala.

Kwa zawadi ya harusi hesabu ni nyingine kidogo. Zawadi husomwa hadharani, na wageni huipima kwa macho. Kristali ya Austria iliyokugharimu kama milioni itaonekana sawa na bata maji wa Kariakoo, na bibi harusi hatasimama kumweleza kila shangazi habari za klabu na bata maji wa kampuni. Akiwa ni mtu anayejua na aliyeomba, mpe pamoja na boksi na cheti chake. Wengine wote wapelekee kitu ambacho shangazi atakijua bei yake akiwa bado mlangoni.